Hofu ya usukani si upungufu wa imani

Ijumaa ya leo tunakusudia kuzungumzia jambo ambalo wengi tunalo na wachache tunalikiri: hofu ya kuendesha gari.

Tuanze na nafsi yetu. Miaka kadhaa iliyopita gari letu liliteleza mchangani, njiani kutoka Madimba kwenda Msimbati, likalala ubavu. Tulitoka salama, alhamdulillahi, lakini tangu siku hiyo funguo zilibaki zimetundikwa ukutani. Tukiulizwa, tulisema mafuta ni ghali, au kwamba kwenda msikitini kwa miguu kuna thawabu nyingi. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa visingizio. Usiku mmoja mama mkwe wetu alibanwa na pumu. Gari lipo uani, leseni ipo mfukoni, nasi tumesimama mlangoni tukitetemeka. Ikabidi jirani aamshwe, naye ndiye aliyempeleka Hospitali ya Ligula. Mgonjwa alipata nafuu. Sisi tulibaki na aibu.

Je, mwenye hofu ana upungufu wa imani? La hasha. Katika Sura Taha tunasoma kuwa Nabii Musa (a.s.) aliingiwa na hofu mbele ya wachawi, naye ni Mtume. Na fimbo yake ilipogeuka nyoka, aliamrishwa amshike wala asiogope. Tuzingatie hapo: alitakiwa kukishika kile kile kilichomtisha.

Wanazuoni wetu walilifahamu hili zamani. Abu Zaid al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934 miladia, aliandika kitabu Masalih al-Abdan wal-Anfus, juu ya afya ya mwili na ya nafsi. Humo alishauri kuwa mwenye kuogopa kitu ajilazimishe kukisikia na kukiona mara kwa mara mpaka akizoee. Wataalamu wa leo hutibu kwa njia iyo hiyo. Sababu ni kwamba kila tunapokwepa, moyo hupata nafuu ya muda, na nafuu hiyo huufundisha kuwa kukwepa ndiko kulikotuokoa. Hivyo hofu hunenepa.

Nasi tulianza kwa kukaa kwenye usukani, injini imezimwa, tukitoa pumzi taratibu mpaka moyo utulie. Siku nyingine tukawasha injini bila kuondoka. Kisha tukazunguka uwanja mtupu baada ya Swala ya Alfajiri, ndugu mpole akiwa pembeni. Baadaye tukafika Shangani, na hatimaye Mikindani. Kila hatua tuliirudia mpaka ikawa nyepesi, ndipo tukaingia nyingine. Hofu ilipozidi njiani, tuliegesha pembeni mahali salama, tukangoja ipungue, kisha tukaendelea.

Hata hivyo, si kila hofu ni ya kutupwa. Nahodha kwenye mlango wa Ruvuma huyahofia mafungu ya mchanga, na kwa hofu hiyo husubiri maji yajae. Vivyo hivyo hofu inayokufanya ufunge mkanda, ukague breki, usizidi kilomita 50 kwa saa penye makazi, na uwatazame watoto na bodaboda, hiyo ni hofu ya kutunzwa. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu.

Enyi waume, msimfokee mke anayejifunza gari. Enyi vijana, msimcheke mzazi anayesita. Makelele na kicheko humrudisha mtu nyuma. Na ambaye ajali humrudia ndotoni na kumnyima usingizi, aende kwa daktari. Hakuna aibu katika kutafuta tiba.

Dua ya kupanda chombo, iliyomo katika Sura Zukhruf, inatukirisha mambo mawili: kwamba chombo hiki tumetiishiwa na Mola, tusingekiweza wenyewe, na kwamba kwake Yeye tutarejea. Mama mkwe wetu alipobanwa tena na pumu, tuliisoma, tukazitwaa funguo. Mikono ilitetemeka mpaka tukaingia kwenye lami. Tulifika, na hatukumwamsha jirani.