Kabla Familia Haijaondoka Sumbawanga



Mavuno yakishaingia ghalani na shule zikishafungwa, Ufipa nzima huanza kusafiri. Kuna padre anayepewa daraja Morogoro, sista anayeweka nadhiri Iringa, binti anayeolewa Dar es Salaam. Zipo pia familia zinazochangishana kwenda kuhiji Bagamoyo, mahali ambapo Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868. Zamani safari za namna hiyo zilikuwa za mtu mmoja au wawili, kwa sababu barabara ya Tunduma ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Siku hizi ni lami, na ukoo mzima hukodi Noah au Koasta: bibi, wajukuu, mama mjamzito na mtoto anayenyonya, wote ndani ya gari moja.

Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni takribani kilomita 1,150. Michango, sare na zawadi huandaliwa kwa miezi. Afya huandaliwa asubuhi ya kuondoka, kwa kununua Panadol dukani. Mwezi huu tuzungumze juu ya maandalizi hayo, maana wodini tunaona matunda ya kuyasahau.

GARI LENYE NYUMBA NDANI

Wengi mmewaona watalii wanaopita mjini kwetu kuelekea Hifadhi ya Katavi kwa magari yenye vitanda, jiko na tangi la maji. Mengine yana hata choo. Ukilitazama vizuri gari la namna hiyo, utaona limebeba mahitaji manne ya mwili: kulala, kula, kunywa na kujisaidia. Gari letu la kukodi halina hata kimoja. Kwa hiyo sisi inatupasa kukipangia kila kimoja mahali pake kabla ya kuondoka. Msipokipanga, mwili utakidai njiani, mahali pasipofaa.

KULALA, HASA DEREVA

Katika Kitabu cha Tobiti tunasoma kwamba mzee Tobiti hakumkabidhi mwanawe Tobia kwa mtu yeyote aliyejitokeza. Alimwuliza kwanza yule mwenzi wa safari ni wa ukoo gani, kisha wakapatana ujira. Nasi tumfahamu dereva wetu. Amelala wapi jana? Ametoka safari gani? Anakunywa? Dereva aliyefika usiku kutoka Mpanda hafai kuondoka na watoto wenu alfajiri.

Tangu mwaka 2023 mabasi ya abiria yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Ruhusa hiyo haiondoi usingizi. Mwili wa binadamu hulemewa zaidi kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri, na tena mchana baada ya chakula. Kahawa, redio na dirisha lililofunguliwa humchelewesha dereva kidogo tu. Kinachoondoa usingizi ni kulala. Dereva akianza kupiga miayo, kusahau kibao alichokipita, au gari likigusa ukingo wa barabara, mwambieni aegeshe mahali salama alale angalau dakika ishirini. Asione haya, nanyi msimharakishe. Kila baada ya saa mbili simameni kidogo, na ikiwezekana muwe na madereva wawili.

Gawanyeni safari. Sumbawanga hadi Mbeya ni kama kilomita 325, Mbeya hadi Iringa kama 330, Iringa hadi Morogoro kama 310, na kutoka hapo Dar es Salaam 190 na ushee. Familia yenye wadogo na wazee ilale mara mbili, kwa mfano Makambako na Morogoro. Parokia na nyumba nyingi za watawa zina vyumba vya wageni. Mwombeni paroko awaandikie barua ya utambulisho, na mpige simu mapema.

Kama mtalazimika kulala garini, zimeni injini, acheni dirisha wazi kidogo, na kamwe msiingize jiko la mkaa ndani ili kupata joto. Makambako huwa na baridi kama Sumbawanga, na kishawishi ni kikubwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Anayeivuta huumwa kichwa, hulegea na kusinzia, na wote waliomo wanaweza kufa usingizini. Onyo hilo ni la chumbani pia.

KULA NA KUNYWA

Akina mama wengi huondoka na hotpoti la wali na kuku. Chakula hicho kiliwe ndani ya saa chache. Wali uliokaa vuguvugu kutwa nzima huzalisha vijidudu vinavyoleta kutapika na kuharisha, hata kama haujachacha na harufu yake ni nzuri. Vinavyosafiri vizuri ni mayai ya kuchemsha yasiyomenywa, chapati, viazi vitamu, karanga, ndizi na machungwa. Uji wa ulezi ndani ya chupa ya chai huwafaa watoto asubuhi, lakini usibaki hadi mchana. Mkinunua hotelini, chagueni kinachotoka jikoni kikifuka moshi, na kachumbari muiache.

Maji ya kunywa yachemshwe nyumbani, yawekwe kwenye madumu safi yenye vifuniko, walau lita mbili kwa kila mtu mzima kwa siku. Tengeni dumu jingine la kunawia pamoja na sabuni. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya kila anapotaka. Mnaposhuka mlima Kitonga masikio huziba kwa sababu ya kuteremka haraka; mtoto akinyonya wakati huo hapati maumivu.

Tukumbuke kwamba tunatoka kwenye uwanda wa baridi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na siku hiyo hiyo au ya pili tunakuta joto la Ruaha Mbuyuni. Mtoto aliyefungwa sweta tatu tangu alfajiri atapoteza maji mengi bila ninyi kujua. Mvueni nguo kadiri joto linavyopanda.

KUCHIMBA DAWA

Wapo akina mama wasiokunywa maji kutwa nzima ili wasiwasumbue wengine kwa kusimamisha gari. Matokeo yake ni kichwa kuuma, choo kigumu na maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo kwa mjamzito yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Pangeni vituo penye vyoo, kama stendi, vituo vya mafuta na parokia, na mtangazieni kila mtu kabla ya kuondoka. Mkilazimika kuchimba dawa porini, shukeni upande usio na magari na mshikeni watoto mkono. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara hupita kama kilomita 50, msishuke garini.

Kila mnaposimama, bibi na babu watembee kidogo, na wakiwa wamekaa wakunje na kukunjua vifundo vya miguu. Kukaa saa nyingi bila kujinyoosha huweza kugandisha damu miguuni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari, au pumzi ikawa fupi ghafla, nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

WENYE MAHITAJI YA PEKEE

Anayetumia dawa za kila siku, ziwe za presha, kisukari, kifafa, siko seli au za kufubaza virusi vya Ukimwi, achukue za siku zote za safari na za wiki mbili zaidi, maana sherehe hurefuka na magari huharibika. Azibebe mwenyewe kwenye mkoba wa mkononi, wala si kwenye buti lenye joto. Achukue na kadi yake ya kliniki. Mwenye kisukari asiruke mlo kwa kusubiri wengine.

Mama mjamzito amwone mkunga kabla ya kuamua. Mwenye presha, aliyetokwa na damu, au aliyebakiza mwezi mmoja kujifungua, heri abaki. Anayesafiri abebe kadi yake. Mkanda wa gari upite chini ya tumbo, juu ya nyonga.

Kuhusu watoto, nina maombi mawili. Kwanza, msiwape Piriton wala dawa nyingine ya usingizi ili watulie njiani. Inaweza kupunguza pumzi ya mtoto mchanga. Pili, mtoto asipakatwe kiti cha mbele. Gari likigonga, hakuna mikono ya mzazi inayoweza kumzuia. Akae nyuma, afungwe mkanda.

HOMA BAADA YA KURUDI

Hapa ndipo ningeomba mnisikilize kwa makini zaidi.

Kwenye uwanda wetu, kwa sababu ya baridi, malaria ni kidogo kuliko Pwani, kuliko mwambao wa Ziwa Tanganyika, na kuliko bonde la Ziwa Rukwa kule Muze na Mtowisa. Hiyo ni neema, lakini ina gharama. Mtoto aliyekulia Sumbawanga mjini au Matai hana kinga ambayo mtoto wa Bagamoyo ameijenga kwa kuugua mara nyingi. Mbu mmoja akimwuma usiku wa harusi, malaria yake inaweza kuwa kali kwa haraka. Na haimshiki pale pale. Huchukua siku saba hadi kumi na nne, wakati mwingine mwezi au zaidi, ambapo familia imekwisha rudi nyumbani na safari imesahauliwa.

Tuliwahi kumpokea mtoto wa miaka minne siku kadhaa baada ya familia kurudi kutoka Dar es Salaam. Homa ilianza jioni, wakadhani ni mafua ya baridi, wakampa Panadol. Siku ya tatu akapata degedege. Jirani mmoja akasema degedege ni la kwa mganga, na usiku mzima ukapotea. Alipofika kwetu hakuwa na fahamu, na viganja vilikuwa vyeupe kwa kupungukiwa damu. Aliongezewa damu, akachomwa sindano, Mungu akamrudisha. Lakini alikaa wiki kadhaa akijifunza upya kutembea. Kipimo kingefanywa siku ya kwanza, angetibiwa kwa vidonge akiwa nyumbani.

Basi bebeni vyandarua. Mnalala kwa ndugu, na vyake huenda havitoshi. Mjamzito, mtoto mdogo na mwenye siko seli wawe wa kwanza kupewa. Mwenye siko seli amwulize daktari mapema kuhusu dawa ya kinga. Kwa miezi miwili baada ya kurudi, homa yoyote ihesabiwe kuwa malaria mpaka kipimo kikatae. Nendeni zahanati ndani ya siku moja na mtamke wenyewe: “Tulikuwa Pwani.” Mganga asiyeambiwa hivyo anaweza asifikirie malaria upesi. Kipimo kikionyesha malaria, malizeni dawa mseto yote hata kama homa imeshuka siku ya pili.

MKOBA WA DAWA NA DHARURA

Wekeni pamoja: Panadol za wakubwa na za watoto, pakiti sita za ORS, vidonge vya zinki, kipimajoto, bandeji, pamba, glavu, sabuni, tochi, na mifuko ya kutapikia. Chukueni kadi za kliniki za watoto na kadi za bima kwa walio nazo. Ulizeni mapema kama zinatumika nje ya mkoa.

Andikeni kwenye karatasi hospitali zilizo njiani: Vwawa, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, Ilembula, kabla ya Makambako, Tosamaganga, karibu na Iringa, Ilula, kabla ya Kitonga, Mtakatifu Kizito, Mikumi, Hospitali ya Mkoa Morogoro, na Tumbi, Kibaha. Namba ya polisi ya dharura ni 112, na ya ushauri wa afya bila malipo ni 199.

Ajali ikitokea, zimeni injini na mwondoe watu barabarani. Damu inayotoka ikandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Aliyepoteza fahamu lakini anapumua alazwe ubavu, asinyweshwe maji. Aliyeumia shingo au mgongo asivutwe ovyo, isipokuwa pana moto.

Na mkikuta lori la mafuta limeanguka, piteni mbali, msisimame kutazama wala kuteka. Tarehe 10 Agosti 2019, eneo la Msamvu, Morogoro, kwenye barabara hii hii, lori la namna hiyo lililipuka wakati watu wakichota petroli. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha.

Wapendwa, fanyeni kikao cha familia wiki mbili kabla ya safari. Mmoja akabidhiwe maji, mwingine mkoba wa dawa, mwingine vyandarua, na mmoja mwenye sauti akae karibu na dereva. Jina Rafaeli maana yake ni Mungu anaponya, na malaika huyo ndiye aliyemsindikiza Tobia kwenda na kurudi. Naye alimwagiza Tobia atunze nyongo, moyo na ini la samaki ziwe dawa. Tuombe atusindikize nasi, huku mkoba wetu ukiwa umekwisha fungwa.

Safari njema.