Daftari Lisilosahihishwa

Mwanafunzi anayeanza kidato cha kwanza katika shule ya serikali nchini Tanzania amesoma hesabu, sayansi na maarifa ya jamii kwa Kiswahili katika shule ya msingi. Anapofika sekondari, karibu kila somo linageuka Kiingereza. Hupewa wiki chache za kozi ya kumwandaa, kisha anaanza kunakili ubaoni. Ananakili vizuri, kwa mwandiko safi, na ukifungua daftari lake la Biolojia utadhani ameelewa kila kitu. Mwambie aandike sentensi mbili za kwake kuhusu alichofanya jana, na kalamu inakwama.

Hali hii ina umri mrefu. Tume ya elimu inayojulikana kama Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zifundishe kwa Kiswahili, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Miaka miwili baadaye Clive Criper na Bill Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania na kuripoti kwamba hakitoshi hata kidogo kuwa lugha ya kusomea masomo mengine. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kuwa tume ilikuwa sahihi. Lakini mtoto aliyekaa kwenye dawati leo hawezi kusubiri mjadala huo uishe, na lipo jambo ambalo mwalimu wake anaweza kulianza wiki hii bila kuomba fedha popote. Nalo ni daftari la mazungumzo.

Utaratibu wake ni mwepesi kuueleza. Mwanafunzi anaandika kwa Kiingereza jambo lolote analotaka kumwambia mwalimu. Mwalimu anasoma, anajibu kwa maandishi chini yake, na kumrudishia. Mwanafunzi naye anajibu. Hakuna maksi, wino mwekundu wala mada ya kupangiwa, na kuandikiana huko kunaendelea muhula mzima, ikiwezekana mwaka mzima.

Aliyefanya njia hii ijulikane ni Leslee Reed, mwalimu wa darasa la sita mjini Los Angeles, Marekani, aliyekuwa na desturi ya kuandikiana na wanafunzi wake kila siku ya masomo. Watafiti Jana Staton, Roger Shuy na Joy Kreeft Peyton waliyachambua madaftari hayo pamoja naye, na mwaka 1988 wakachapisha kitabu. Baadhi ya wanafunzi wa Reed walikuwa watoto wa wahamiaji waliokuwa ndiyo kwanza wanajifunza Kiingereza. Kinachonivutia zaidi katika uchambuzi huo ni upana wa mambo ambayo watoto walikuwa wakiyafanya kwa lugha: waliomba, walilalamika, waliahidi, walibisha, walimuuliza mwalimu maswali. Fikiria darasa letu la kawaida. Mwanafunzi anapata wapi nafasi ya kulalamika kwa Kiingereza? Kwa kawaida kazi yake ni moja tu, kujibu swali ambalo mwalimu tayari anajua jibu lake.

Nichukue mfano nilioutunga kutokana na makosa ambayo kila mwalimu wa Kiingereza anayafahamu. Mwanafunzi ameandika: “Yesterday I am not come to school because my mother she go to mnada and I remain with baby.” Mwalimu aliyezoea kusahihisha ataona makosa matano au sita, na ukurasa utajaa wekundu. Mwalimu wa daftari la mazungumzo anaandika hivi: “I am sorry you did not come to school. So your mother went to the market and you stayed with the baby. Last month I stayed with my sister's baby, and he cried all day! What did you do when the baby cried?”

Jibu hilo linafanya kazi nyingi kwa pamoja. Sentensi ya mtoto imerudi kwake ikiwa imenyooka, bila kuambiwa kwamba yake ilikuwa mbovu. Amepata neno alilolikosa, kwa kuwa aliandika “mnada” pale Kiingereza kilipomwishia. Wakati uliopita umejitokeza mara kadhaa, na swali la mwisho linamlazimu autumie yeye mwenyewe. Pia amegundua kwamba mwalimu wake ana dada, na kwamba mwalimu naye amewahi kushindwa kumbembeleza mtoto. Kesho yake anaweza kuandika: “I carry him on my back and I sing, and he sleeped.” Hilo “sleeped” limfurahishe mwalimu. Mtoto hakulinakili popote. Ameishika kanuni ya wakati uliopita na kuipeleka mahali isipofika, na ndivyo lugha inavyojengeka kichwani mwa mtu yeyote.

Hapa wenzangu wengi huuliza kwa wasiwasi: usiposahihisha, makosa hayataota mizizi? Swali hilo ni la haki, na utafiti haumpi ushindi mtu yeyote kirahisi. Stephen Krashen alishikilia kwamba hofu huziba njia ya lugha, na kwamba mwanafunzi hujifunza anapopata lugha anayoielewa, iliyomzidi kidogo tu. Kwa upande mwingine, mwaka 1997 Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza madarasa ya watoto waliokuwa wakisoma kwa Kifaransa nchini Kanada. Waliona kwamba mwalimu anaporudia kwa mdomo sentensi ya mtoto akiwa ameinyoosha, mara nyingi mtoto haonyeshi kuwa ameligundua rekebisho hilo. Maneno yamepita na somo linaendelea.

Mimi nalichukua onyo hilo kwa uzito. Maandishi yana nafuu moja, kwamba hayapiti. Mtoto anaweza kusoma jibu la mwalimu mara tatu jioni na kulilinganisha na alichoandika yeye. Hata hivyo mwalimu asibahatishe. Achague jambo moja la sarufi ambalo mtoto huyo analihitaji, alirudierudie katika majibu ya wiki mbili au tatu, kisha ahamie jingine. Na vipindi vya sarufi viendelee kama kawaida, na insha zisahihishwe kama kawaida. Daftari hili linamrudishia mtoto sababu ya kuandika, na mtu asiyeandika hana cha kusahihishwa.

Kuna namna ya kujibu inayoua mazungumzo. “Good. Keep it up.” Mtoto atajibu nini hapo? Inaua pia barua ya maswali matano mfululizo, kwa sababu inafanana na polisi anayehoji. Andika sentensi tatu au nne, simulia kidogo jambo lako, uliza swali moja ambalo kweli hujui jibu lake. Mtoto akichanganya Kiswahili, mwache, na umpe neno la Kiingereza ndani ya jibu lako. Mwalimu asiyejiamini katika Kiingereza chake asikimbie: sentensi fupi na sahihi humfaa mwanafunzi huyu kuliko aya ndefu, na kuandika kila siku kutamnoa mwalimu pia.

Idadi ya wanafunzi ndiyo kikwazo kikubwa. Mkondo mmoja ukiwa na wanafunzi 80, wagawe katika makundi matano, kila kundi na siku yake. Hapo una madaftari 16 kwa siku, na kwa dakika mbili kila moja ni nusu saa na ushei. Inawezekana, ingawa haina starehe. Mwenye mikondo mitatu hawezi, na asidanganywe kwamba anaweza. Aanze na mkondo mmoja, au na wanafunzi 20 wanaohangaika zaidi, akiwachanganya na wachache wanaofanya vizuri ili daftari lisigeuke kitambulisho cha walioshindwa. Mkuu wa shule aelezwe mapema. Mthibiti ubora akikuta kurasa zilizojaa makosa bila tiki hata moja atadhani mwalimu amelala, na mzazi atadhani hivyo hivyo.

Liko jambo zito zaidi. Mtoto akimwamini mwalimu ataandika mambo mazito: njaa, kipigo, mwanaume anayemsumbua njiani. Madaftari yafungiwe kabatini, na lisisomwe hata moja mbele ya darasa. Lakini mwalimu asiahidi siri asiyoweza kuitunza. Siku ya kwanza awaambie, kwa Kiswahili ili kila mmoja aelewe, kwamba wakiandika jambo linalohatarisha usalama wao atatafuta msaada. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mtu anayeona haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa, na mwalimu wa ushauri na unasihi shuleni ndiye wa kumwendea mapema.

Wapo watakaoandika mstari mmoja ule ule kwa wiki kadhaa: “I am fine, teacher.” Wajibu hivyo hivyo, kwa ukamilifu, kama walioandika ukurasa. Wape kitu cha kushika: mchoro wa nyumbani kwao wenye majina ya vitu, au sentensi yako ambayo haikuisha ili waimalizie. Wengine hufunguka mwalimu anapokosea jambo wanalolijua wao, iwe ni jina la timu, mbegu au samaki, wakaona hawana budi kumweka sawa.

Mwisho wa mwaka usipime kwa kuhesabu makosa peke yake. Weka ukurasa wa Machi kando ya ule wa Oktoba. Angalia urefu, angalia vitenzi, angalia maneno aliyoyachota kwenye majibu yako na kuyafanya yake. Kisha tafuta ni lini mwanafunzi alianza kukuuliza wewe maswali, na kama aliendelea.