Ukiuza nyumba, dalali anakudai nini na wewe unamdai nini

Pita Sinza, Mbezi au Tegeta jijini Dar es Salaam, hutakosa kuona nyumba iliyoandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: "Nyumba hii haiuzwi. Ogopa matapeli." Nyuma ya maneno hayo mara nyingi kuna mirathi isiyokwisha, ndugu aliyetaka kuuza peke yake, au nakala ya hati iliyozunguka mpaka ikafika mikononi mwa mtu asiyejulikana. Makala hii ni ya mwenye nyumba wa upande wa pili, ambaye yake inauzwa kweli na anataka kujua mtu atakayemkabidhi kazi hiyo anapaswa kumfanyia nini.

Tuanze na hali ilivyo. Kenya ina Sheria ya Mawakala wa Majengo ya mwaka 1984, na chini yake ipo bodi inayowasajili. Anayefanya kazi hiyo bila usajili anavunja sheria. Tanzania Bara imeishi miaka mingi bila sheria mahsusi ya namna hiyo. Serikali ilipotoa agizo Julai 2025 la kuwazuia wasio raia kufanya baadhi ya biashara, udalali wa nyumba ulikuwa kwenye orodha, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kazi hii haitambuliki. Lakini kumzuia mgeni hakumpi mzawa ujuzi wala maadili, na leseni ya biashara si cheti cha taaluma. Kijana mwenye simu, bodaboda na makundi ishirini ya WhatsApp ni dalali sawasawa na kampuni yenye ofisi Masaki.

Hata hivyo hujaachwa mikono mitupu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima juu ya wakala na anayemtuma, na dalali wako ni wakala hata kama hajui neno hilo. Sheria inamtaka afuate maelekezo yako, afanye kazi kwa bidii na ujuzi unaotarajiwa kwa mtu wa kazi hiyo, akupe hesabu ukiihitaji, na asijinufaishe kwa siri kupitia shughuli uliyomtuma. Akijinufaisha bila wewe kujua, unaweza kumdai faida hiyo.

Hapa ndipo tunapofika kwenye cha juu.

Kila mkazi wa Dar es Salaam analijua jambo hili. Mwenye nyumba anasema anataka Sh120 milioni, dalali anatangaza Sh140 milioni, na tofauti ni ya dalali, mbali na udalali wake. Nimewahi kukaa mezani na pande zote mbili, mkataba uko tayari kusainiwa, mnunuzi akausoma taratibu kisha akauliza: "Mzee, kwani si tulisema mia na arobaini?" Muuzaji akashangaa. "Arobaini ipi, mwanangu? Mimi nimesema mia na ishirini tangu siku ya kwanza." Wote wawili wakamgeukia dalali, naye ghafla akawa na simu ya kupokea nje.

Wauzaji wengi hulichukulia jambo hili kuwa hasara ya mnunuzi. Wanasema: mimi nimepata bei yangu, mengine hayanihusu. Wanakosea. Kwanza, nyumba iliyotangazwa kwa bei isiyo yake inakaa sokoni muda mrefu, na ikikaa sana watu huanza kuulizana ina tatizo gani. Pili, na hili ndilo linaloniudhi zaidi, akija mnunuzi mwenye Sh125 milioni taslimu, dalali atamkatalia papo hapo na hutasikia kamwe kwamba alikuja. Kwako hiyo ni bei nzuri, Sh5 milioni zaidi ya uliyoitaka. Kwa dalali ni Sh15 milioni zilizopotea. Tatu, mnunuzi anayelipa Sh140 milioni huku mkataba ukisema Sh120 milioni anabaki na karatasi yenye uongo. Siku akiuza yeye, mamlaka ya kodi itahesabu kana kwamba alinunua kwa Sh120 milioni na kumtoza kodi ya faida ambayo hakuipata. Mnunuzi mwenye wakili mzuri atakataa, na biashara itavunjikia mezani.

Ipo sentensi moja inayowaponza wenye nyumba: "We niletee mia na ishirini, cha juu chako." Ukiisema, umempa ruhusa, na ile kinga ya sheria umeitupa mwenyewe. Usiiseme. Mpe asilimia inayoeleweka ya bei halisi. Kwa kuuza nyumba, mazoea ya Dar ni kati ya asilimia 5 na 10, na kadiri bei inavyopanda ndivyo asilimia inavyopaswa kushuka. Akipata wa Sh150 milioni, kwa asilimia 5 anaondoka na Sh7.5 milioni, hapo anakuwa na sababu ya kuvuta bei juu kwa faida yenu wote wawili. Andikeni pia kama anaruhusiwa kudai chochote kwa mnunuzi, kwa sababu wengi hula pande zote.

Dalali anayejua kazi yake hataanza na picha. Ataanza na maswali ambayo pengine utayaona ni ya umbea. Nyumba ni ya nani? Una mke au mume? Kuna mkopo wa benki juu yake? Mwulize dalali wako swali hili: utaniuliza nini kabla ya kutangaza? Kama hana la kuuliza, hatofautiani na kipaza sauti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi, hata kama hati ina jina moja tu. Kama nyumba ni ya marehemu, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama; kikao cha ukoo peke yake hakitoshi, na hata msimamizi huyo anapaswa kuwa na maelewano na warithi. Dalali anayeuliza haya mapema anakuokolea miezi.

Halafu atauliza una karatasi gani. Katika matangazo utaona "hati miliki", "ofa", "leseni ya makazi" au "mauziano ya serikali ya mtaa", na kila moja ina bei yake na wateja wake. Mnunuzi anayetegemea mkopo wa benki ataitaka hati miliki. Nyumba ya mauziano ya mtaa inauzika, tena sana, lakini kwa anayelipa mkononi, na bei huwa chini. Dalali mkweli atakwambia hivyo kabla hujaota bei ya jirani mwenye hati. Akikuahidi kwamba "karatasi si tatizo", mwache.

Kuhusu bei yenyewe, kinachoitwa makadirio ya dalali kwa kawaida ni kumbukumbu ya alichosikia mtaani. Kina faida yake, kwa sababu anajua nyumba ya mtaa wa pili ilikaa muda gani na mwishowe ilitoka kwa kiasi gani. Lakini tathmini rasmi ni kazi ya mthamini aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, na katika kuhamisha milki utahitaji ripoti iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Kwa nini usubiri mpaka mwisho? Ukiwa nayo mapema, humtegemei dalali kukwambia nyumba yako ina thamani gani. Angalia inapoonyesha thamani ya soko na inapoonyesha thamani ya kuuza kwa haraka. Hizo ni namba mbili tofauti, na wanunuzi wajanja hushika ile ndogo.

Matangazo ni upande ambao madalali wengi wanaumudu. Vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko, stoo, fensi, mita 200 kutoka lami, maongezi yapo. Omba uone tangazo kabla halijatoka. Hizo mita 200 zikiwa ni kilomita moja na nusu ya vumbi, mnunuzi atakasirika njiani na atafika kwako akiwa ameshapunguza bei kichwani. Picha zipigwe asubuhi, nyumba ikiwa imefagiliwa na nguo zimeanuliwa. Jambo dogo, lakini nimeona nyumba ya mamilioni ikitangazwa kwa picha yenye ndoo ya kudekia katikati ya sebule.

Kuna mazoea ya kumtoza mtu pesa kwa kuonyeshwa nyumba. Nauli ya dalali ni jambo la kuzungumzika, lakini mwenye nyumba anapaswa kujua kama inatozwa na ni kiasi gani, maana wapo madalali wanaoishi kwa pesa ya kuonyesha kuliko ya kuuza. Hao watakuletea watu kila Jumamosi, watu wasio na mpango wa kununua, na utachoka kufungua geti. Mtake akueleze kila wiki nani alikuja, alisema nini, na alitaja bei gani. Ujumbe wa simu unatosha. Kwa njia hiyo ndipo utakapomjua yule wa Sh125 milioni.

Sasa suala la hati. Dalali atakuomba nakala "ili niwaonyeshe wateja". Usimpe iliyo safi. Nakala hiyo itapigwa picha, itatumwa kwa dalali mwenzake, naye atampa mwingine, na baada ya wiki mbili namba ya kiwanja chako, jina lako na saini yako viko kwenye simu za watu usiowajua. Mtaji wa tapeli ni huohuo. Mnunuzi aliye makini anachohitaji ni namba ya hati ili wakili wake afanye upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Ikibidi kutoa nakala, iandikwe kwa kalamu katikati ya ukurasa, juu ya maandishi yenyewe: kwa ajili ya upekuzi tu, kwa fulani, tarehe fulani. Hati halisi haitoki nyumbani mpaka siku wakili atakapoihitaji.

Mnunuzi akipatikana, kazi ya dalali inapungua na ya wakili inaanza: mkataba wa mauziano, fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, kibali cha uhamisho, ushuru wa stempu, kulipa deni la kodi ya pango la ardhi kama lipo. Usikubali dalali awe ndiye anayeandaa mkataba, na usikubali hata kwa bahati mbaya fedha za nyumba zipitie kwenye akaunti yake. Zitoke benki ya mnunuzi ziingie yako. Dalali anayesema "zipitie kwangu ili mambo yaende haraka" anakwambia jambo kubwa kuhusu yeye mwenyewe.

Kodi ndiyo inayowashtua wengi, na dalali mzuri atakutajia mapema ili uipigie hesabu. Kwa mkazi wa Tanzania, faida ya kuuza nyumba hutozwa asilimia 10. Ukinunua na kujenga kwa Sh130 milioni, ukauza kwa Sh150 milioni, faida ni Sh20 milioni na kodi ni Sh2 milioni. Lakini lazima uwe na vielelezo: mkataba wa kununua kiwanja, risiti za saruji, nondo na mabati. Tangu mabadiliko ya mwaka 2023, mkazi asiye na kumbukumbu za gharama anatozwa asilimia 3 ya bei ya kuuzia au thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Kwa nyumba hiyohiyo ni Sh4.5 milioni, yaani zaidi ya mara mbili, kwa sababu tu risiti zililiwa na panya. Sheria inatoa nafuu kwa makazi binafsi: kama umeimiliki nyumba mfululizo kwa miaka mitatu au zaidi na umeishi humo jumla ya miaka mitatu, faida isiyozidi Sh15 milioni haitozwi. Wasomaji wa Kenya wakumbuke kwamba kwao kodi hii ni asilimia 15 tangu Januari 2023, ikipanda kutoka 5.

Limebaki suala la kumlipa. Mkataba wako na dalali hauhitaji kurasa kumi. Ukurasa mmoja unatosha, wenye saini na namba ya kitambulisho chake. Uandike asilimia, na kwamba inalipwa kadiri fedha za mnunuzi zinavyoingia, si siku ya kusaini. Kama mnunuzi analipa kwa awamu mbili, udalali nao ugawanywe mara mbili. Uandike nini kitatokea mkitumia madalali zaidi ya mmoja, maana mteja mmoja huweza kupita kwa watu watatu na wote wakafika mlangoni kudai. Tamka wazi kwamba unalipa udalali mmoja na wao watagawana. Uweke muda pia. Miezi mitatu ni ya kutosha kumpima mtu, na ukimpa yeye peke yake haki ya kuuza, kwa muda huo tu, atakuwa na moyo wa kutumia pesa yake kwenye matangazo.

Mwekee karatasi hiyo mezani kabla hujamwonyesha chumba hata kimoja. Akikataa kusaini, mshukuru kwa muda wake na umfungulie geti. Madalali Dar es Salaam hawajawahi kuadimika.