Ramani ya Maji ya Chini ya Ardhi: Tutazame Kwanza, Tuchimbe Baadaye



Wengi kati yetu tunaujua uchungu huu: watu wanachanga feza, wanachimba kisima kwa siku nyingi, halafu wanakuta jiwe kavu. Feza imekwisha, na mboga zinanyauka. Iko njia ya kupunguza hasara hiyo: ramani ya maji inayotengenezwa kwa kompyuta.

Maji yanakaa wapi?

Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Milima yake ina mawe magumu ya zamani sana, yasiyonyonya maji. Maji hukaa kwenye udongo laini uliotokana na jiwe kuoza, na ndani ya nyufa za jiwe. Ndiyo maana kisima kimoja kinatoa maji na kile cha jirani kinakauka. Beni iko chini zaidi, na ardhi inateremka kuelekea bonde la Semuliki, ambako mchanga na udongo vimejaa. Kila mahali pana sheria yake.

Ramani inatengenezwaje?

Kompyuta inapanga ramani nyingi moja juu ya nyingine: mteremko, aina ya mawe, nyufa, mito, mvua na mashamba. Vipimo vya miinuko vinapatikana bure. Vilichukuliwa kutoka angani Februari 2000. Programu ya QGIS pia ni ya bure.

Kila ramani inapewa alama. Tuseme mteremko mkali unapata 1, kwa sababu mvua inakimbia bila kuingia. Mahali tambarare panapata 5. Mahali penye nyufa nyingi panapata alama nyingi kuliko penye jiwe zima. Kisha alama zote zinajumlishwa, na jambo lenye nguvu zaidi linahesabiwa zaidi. Penye jumla kubwa ndipo pa kutafuta kwanza.

Lakini ramani haioni maji. Haisemi tutayafikia kwa mita ngapi, wala kama ni safi. Mbele ya kuleta mashine, fundi anapaswa kufika mahali penyewe na kupima, kwa mfano kwa kupitisha umeme kidogo ardhini.

Kazi yetu sisi

Ramani isiyolinganishwa na visima vya kweli ni picha tu. Kila koperative iandike:

1. Chemchem zisizokauka Januari–Februari na Juni–Julai.
2. Visima vyote, kina chake, na mwezi maji yanaposhuka.
3. Visima vilivyokosa maji. Hivi tusivifiche kwa haya; vinaonyesha mahali ramani imekosea.
4. Vyoo na mikaratusi iliyo karibu na chemchem. Choo kinachafua maji, na mikaratusi inayanywa.

Mzee anayekumbuka chemchem iliyokauka zamani naye aulizwe. Setilaiti haikumbuki alichokiona yeye. Tukileta daftari hilo kwenye mkutano, tutajua wapi pa kuweka feza yetu, na wapi pa kuacha.