Ndege ya kiti kimoja inaweza kupulizia shamba?

Ndugu wakulima, tangu video za ndege ndogo nyepesi zianze kuzunguka WhatsApp, naulizwa sana: kikundi kichange, kinunue moja ya kupulizia mahindi?

Tuchukue Aerolite 103. Inaundwa na U-Fly-It, kampuni ndogo ya DeLand, Florida, kwa mirija ya alumini na kitambaa. Hiyo 103 ni sehemu ya sheria ya Marekani: kiti kimoja, uzito mtupu chini ya kilo 115 hivi, mafuta yasiyozidi lita 19. Ikitimiza hayo, rubani hadaiwi leseni. Ila sheria hiyohiyo inasema ni ya burudani na michezo tu. Kupulizia shamba, hata liwe lako, ni kazi. Kwetu nako, anayeruka lazima apitie TCAA.

Sasa pigeni hesabu. Ekari ya mahindi inakula bomba nne au tano za lita 20, yaani kilo 80 hadi 100 za maji. Karibu sawa na ndege yenyewe! Na rubani bado hajapanda.

Kuna dawa za ujazo mdogo sana, chini ya lita 5 kwa hekta, lakini hizo zina viuatilifu na vifaa vyake maalumu, na matone yake madogo hupeperuka hadi kwenye mizinga na kisima cha jirani.

Fedha ya kikundi ikitimia, njooni ofisini tulinganishe bei za bomba za injini.