Pilipili Karibu na Jiko: Kipande Kidogo cha Ardhi, Faida ya Kila Siku

Wahenga walisema, "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Maana yake ni kwamba jambo lisilokuhusu lisikusumbue. Lakini katika nyumba nyingi za Kisii na Nyamira iko pilipili ambayo mwenye nyumba hakuipanda, nayo humwasha kila siku. Wala haimwashi ulimi tu, humwasha na mfuko. Ni ile inunuliwayo sokoni jioni, mbili tatu, pamoja na nyanya na kitunguu, hali kando ya jiko uko udongo mwekundu wenye rutuba uotao magugu tu.

Jambo hili si dogo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, yaani zaidi ya watu 900 katika kila kilomita moja ya mraba, na Kaunti ya Nyamira ilikuwa na watu 605,576. Shamba alilolima babu tangu kilimani hata mtoni liligawiwa wanawe, nao wakawagawia wana wao, hata leo jamaa wengi wana kishamba kisichotimia eka moja. Humo chai, migomba na mahindi hugombea nafasi. Majani ya chai hulipwa mara moja kwa mwezi, na bonasi yake mara moja kwa mwaka. Lakini chungu hutelekwa kila siku. Basi mwenye ardhi ndogo hana budi kujiuliza: katika futi chache zilizo karibu na mlango, apande nini kitakachompunguzia safari ya sokoni?

Pilipili ni jibu moja jema. Haishibishi mtu, ni kweli. Lakini mashina machache hutosha nyumba nzima. Tuta lenye upana wa futi 4 na urefu wa futi 12 huchukua miche 16: 12 ya pilipili hoho zisizowasha, na 4 ya pilipili kali. Nyumba inunuayo pilipili za shilingi 10 kila siku hutoa shilingi 3,650 kwa mwaka. Fedha hizo ni madaftari na kalamu za mtoto wa shule.

MGENI ALIYEKUWA MWENYEJI

Wengi hudhani ya kuwa pilipili ilikuwapo Afrika tangu kale. Sivyo. Asili yake ni Amerika, nayo haikujulikana pande hizi kabla ya safari ya Christopher Columbus ya mwaka 1492. Baada ya hapo wafanya biashara wa Kireno waliieneza Afrika na Bara Hindi katika karne ya 16. Pwani ya Waswahili ilikuwa na pilipili manga tangu zamani, nayo ni mmea mwingine kabisa. Mgeni huyu alipofika alipewa jina hilo hilo kwa sababu aliwasha vile vile. Leo hakuna soko la Kisii, tangu Daraja Mbili hata Keroka, lisilomjua.

KITALU NA TUTA

Pilipili hupenda joto, na hapa ndipo wakulima wengi wa milimani hukosea. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingine za Nyamira, kama vile Kiabonyoru, ziko juu zaidi. Usiku huwa na baridi, na mbegu huchelewa kuota. Mkulima asikate tamaa zikipita wiki mbili bila ya kuona kitu. Yafaa kitalu kiwe mahali pakingwapo na upepo na penye kupata jua la asubuhi, na udongo wake uwe laini, uliochanganywa na samadi iliyooza sawasawa. Mbegu zifukiwe kidogo tu, kisha zifunikwe kwa majani makavu mpaka zianze kuchomoza.

Baada ya wiki 6 hata 8 miche huwa tayari kuhamishwa. Ihamishwe jioni, au siku ya mawingu, isije ikanyauka. Mistari iachane kwa futi 2, na miche iachane kwa futi moja na nusu. Kila shimo litiwe konzi mbili za samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Tuta na liinuliwe kama inchi 8 juu ya ardhi. Mvua ya Kisii ni nyingi, hasa Machi hata Mei, na pilipili isimamayo katika maji huoza mizizi. Chini ya mashina yatandazwe majani makavu ya migomba. Hayo huzuia matone ya mvua yasirushe udongo, wenye vijidudu vya magonjwa, hata kwenye majani ya mmea.

Karani akaaye mjini katika nyumba ya kupanga naye hana udhuru. Debe kuukuu lililotobolewa matundu chini, likajazwa udongo na samadi, litalea shina moja la pilipili kali. Shina hilo likitunzwa huweza kuzaa zaidi ya mwaka mmoja, maana kwa asili pilipili si mmea wa msimu mmoja.

ADUI WA PILIPILI

Adui wa kwanza ni ukoo wake mwenyewe. Nyanya, viazi mbatata na pilipili ni ndugu, na magonjwa yao ni mamoja. Na wengi hawajui ya kuwa rinagu, mboga ipendwayo sana na Wagusii, ni ndugu yao pia. Mahali palipoota rinagu au nyanya mwaka huu pasipandwe pilipili mwaka ujao. Yafaa kwanza papandwe maharagwe, au chinsaga, ambayo si ya ukoo huo. Asiyefuata shauri hili ataona siku moja mche wenye afya umenyauka ghafula hali udongo una maji. Mche wa namna hiyo ung'olewe na kuteketezwa, wala usitupwe katika shimo la mbolea.

Adui wa pili ni vidukari, wakaao chini ya majani machanga na kuyakunja. Wakiwa wachache huondolewa kwa vidole na maji. Adui wa tatu ni mkono wa mvuta tumbaku: ugonjwa wa mabaka katika majani ya tumbaku huweza kuhamia katika pilipili kwa kuguswa tu. Basi avutaye sigara anawe kwa sabuni kabla ya kushika miche yake.

JIKONI

Hoho huchumwa karibu miezi mitatu baada ya kuhamishwa. Ikatwe kwa kisu na kikonyo chake. Ikivutwa huvunja tawi. Ikiachwa hata iwe nyekundu huzidi utamu, na pia huzidi vitamini C, ile itusaidiayo kupona vidonda na kulinda ufizi. Mwanachuoni Albert Szent-Györgyi wa Hungaria, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1937, aliipata vitamini hiyo kwa wingi katika pilipili za kwao. Lakini moto mrefu huiharibu. Kwa hiyo hoho itiwe mwishoni, maharagwe yakiwa yamekwisha iva, au iliwe mbichi katika kachumbari.

Pilipili kali huamsha chakula kilichopoa ladha. Moja iliyopasuliwa, ikatiwa katika mchuzi wa omena pamoja na nyanya na kitunguu, huuondoa ule uvundo wa samaki usiopendwa na watoto. Ndizi mbichi zilizopikwa kwa maharagwe hupendeza vile vile. Na kwa chinsaga iliyochemshwa na kutiwa maziwa, kipande kidogo chatosha. Kikizidi, uchungu wake mtamu hauonekani tena.

Ukali hauko hasa katika mbegu, kama wengi wadhanivyo, bali katika ngozi nyeupe ishikayo mbegu. Mpishi akiiondoa, ukali hupungua sana. Nao hauyeyuki katika maji, bali katika mafuta. Ndiyo sababu aliyeungua kinywa hapati nafuu kwa maji, hupata kwa maziwa. Aliyekata pilipili asishike macho yake wala mtoto mchanga kabla ya kunawa vizuri kwa sabuni.

KUWEKA AKIBA

Mavuno yakizidi, pilipili kali huanikwa. Lakini Kisii mvua hunyesha mara nyingi alasiri, na pilipili ilowayo huota ukungu. Yafaa zitungwe kwa uzi na kuning'inizwa juu ya meko, mpaka zikauke hata zivunjike zikikunjwa. Yenye ukungu itupwe, maana ukungu huo una sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Watu wa pwani huzitia katika chupa pamoja na chumvi na maji ya limau, nazo hukaa muda mrefu.

Mwenye kutaka mbegu zake mwenyewe achague tunda jekundu la shina lenye afya. Ila akumbuke ya kuwa hoho ikipandwa jirani na pilipili kali huchanganyika kwa msaada wa nyuki. Tunda la mwaka huu halitabadilika, lakini mbegu zake mwakani huweza kuzaa hoho ziwashazo!

Hapana anayesema ya kuwa mashina 16 yatamtajirisha mtu, au kuurudisha upana wa shamba la babu. Ardhi imekwisha gawanyika. Lakini futi chache za kando ya jiko bado ni za mwenye nyumba, na apandaye leo atachuma kabla ya miezi mitano kupita. Haba na haba hujaza kibaba.