"Put off" maana yake nini? Si kuzima taa tu

Umeitwa kwenye usaili wa kazi Jumatatu. Ijumaa jioni inaingia meseji: "The interview has been put off until Thursday." Ukidhani usaili umefutwa, Alhamisi utakuwa umelala nyumbani huku wenzako wakigombea nafasi hiyo.

Kosa hili lina chanzo chake. Wengi Afrika Mashariki wamezoea "put off the light", yaani zima taa. Basi wakiona "put off", wanajua kitu kimezimwa, kimekwisha. Waingereza kwa taa husema zaidi "turn off" au "switch off". "Put off" wanaitumia hivi:

1. Kuahirisha
Hii ndiyo maana unayokutana nayo zaidi. "They put off the wedding": harusi imesogezwa mbele, bado ipo. Ingefutwa kabisa, wangesema "called off". Kwa hiyo meseji ile ya usaili inakwambia uende Alhamisi.

2. Kumtoa mtu hamu
"The smell put me off": harufu ile ilinitoa hamu. Inaweza kuwa chakula, nyumba ya kupanga, hata mchumba. Kitu chenye kukera namna hiyo huitwa "off-putting".

3. Kumvuruga mtu
"Stop laughing, you're putting me off": acha kucheka, unanichanganya. Mpiga penalti anayezomewa na mashabiki anaijua vizuri hii.

Namna ya kuitumia

Wakati uliopita haibadiliki, inabaki "put". Hakuna "putted off".

Unaweza kusema "put off the meeting" au "put the meeting off", zote sawa. Lakini maneno kama "it" na "him" lazima yakae katikati: sema "put it off", usiseme "put off it".

Kitenzi kikifuata, kinaishia na "-ing": "She put off going to hospital", yaani aliahirisha kwenda hospitali. Usiseme "put off to go".

Ukipata ujumbe wenye "put off", kitu cha kwanza tafuta tarehe mpya. Usipoiona, piga simu uulize siku hiyohiyo. Waingereza husema "Never put off till tomorrow what you can do today". Wahenga wetu nao walishasema: linalowezekana leo lisingoje kesho.